Glasi Aliyoionja Kwanza

Isakwisa aliniletea ile filamu siku ya Jumatano, kwenye flashi, akaiweka mezani taratibu kama mtu anayeweka yai.

"Zita, hii ni ya mapenzi. Wateja wako wa Jumamosi watalia mpaka wasahau njia ya nyumbani."

"Inaitwaje?"

"Haina jina. Ina kilio tu."

Isakwisa ni mtu wa Mbeya, mwenye banda la video hapa Katandala, na mimi ndiye mtafsiri wake. Nakaa kwenye stuli pembeni mwa televisheni, maiki mkononi, rimoti mapajani. Wahusika wakianza kuongea napunguza sauti yao, nawasemea kwa Kiswahili. Wanaume wanaotafsiri filamu za ngumi wamejaa Sumbawanga, na wengi wao hupiga kelele tu. Mimi nina stashahada ya uandishi wa habari na sipigi kelele. Mtu akiomba msamaha kwenye filamu yangu, unamsikia anaomba. Ndiyo maana Jumamosi saa tisa alasiri banda hujaa wanawake, na wanaume wachache wanaojifanya wameingia kukwepa upepo.

Nilipoifungua filamu nyumbani nikakutana na shida ambayo sikuwahi kukutana nayo. Lugha yake sikuijua. Haikuwa Kiingereza, haikuwa Kihindi, wala ile ya Wakorea ambayo nimeshaizoea masikioni. Na chini ya picha hapakuwa na maandishi hata mstari mmoja.

Nikampigia Isakwisa simu.

"Kwani nani atauliza?" akasema. "Wewe una maneno mengi, tia maneno."

Basi nikaitazama kwa macho. Mwanamume ni mtunza saa wa stesheni ya treni, ile saa kubwa ya mnarani ambayo mji mzima unaitegemea. Mwanamke anaoka mikate jirani na stesheni. Wanapendana, hilo halihitaji mtafsiri, unaliona jinsi anavyomfuta unga shavuni. Lakini mwanamume ni mlevi. Mwanzoni anakunywa na wenzake, baadaye peke yake, baadaye huko juu mnarani, amejikunyata kati ya magurudumu ya saa. Saa inaanza kuchelewa. Watu wanakosa treni. Anafukuzwa kazi. Mwanamke anamwaga pombe kwenye sinki, anavunja chupa, anamfuata kwenye theluji na koti mkononi.

Halafu kuna tukio la mezani. Mwanamke yule yule aliyekuwa akimwaga pombe anatoa chupa mpya kabatini, anaifungua kwa mkono wake, anamimina kwenye glasi. Anakunywa funda moja, anakunja uso, anampa mwanamume glasi. Anasema maneno matatu au manne. Anaondoka mezani.

Nililirudia tukio lile mara tano. Kwa nini ampe sasa? Na yale maneno ni nini? Yaliniwasha kama upupu. Nilimwangalia midomo, nikamwangalia macho, nikasimamisha picha kwenye mkono unaosukuma glasi. Mwanamke hakunijibu. Mwishowe nikaandika kwenye daftari nilichotaka mimi: "Kunywa, ufe, mimi nipumzike."

Nilikuwa na sababu ya kuandika hivyo. Dada yangu Kristiana, fundi cherehani wa mtaa wa Chanji, alikuwa ameposwa na Clemens. Matangazo mawili ya ndoa yalishasomwa kanisani, na tangazo la tatu lilikuwa lisomwe Jumapili ile, siku moja baada ya filamu. Clemens ni fundi wa matrekta na yale madogo ya mkono, pawatila. Anashuka bondeni mpaka Ilemba kuwatengenezea wakulima, na mikono yake haina mpinzani. Ni mpole, ana utani, hajawahi kumwinulia mtu sauti. Lakini ni mlevi wa gongo. Siku ya tangazo la kwanza hakuja kanisani, tukaambiwa tumbo linamuuma. Siku ya pili alikuja, akasimama nyuma ya nguzo, na nguzo ilikuwa inamsaidia kusimama.

Padre akimaliza kusoma majina husema anayejua kizuizi chochote apeleke taarifa. Mara mbili nilikaa pale nikijiuliza kama gongo ni kizuizi. Nyumbani nikalisema. Kristiana akaweka mkasi chini.

"Zita, mdogo wangu. Umeshasema. Nimesikia. Ukilisema tena, harusini usije."

Kwa hiyo nikaamua kulisema kwa mdomo wa mwoka mikate. Kila nilichokatazwa kumwambia dada yangu nilimpa mwanamke yule akiseme, kurasa kumi na moja. Kisha nikamwambia Kristiana njoo Jumamosi, kuna filamu nzuri.

Akaja. Alikaa benchi la tatu, amejifunga kitenge juu ya sweta, maana ilikuwa Juni na upepo wa Juni hapa kwetu hauna huruma. Mbele kabisa alikaa Mama Benjamini, mpika pombe ya ulezi anayejulikana Chanji nzima, na nyuma yake Jane na Sharon, wasusi, ambao hawawezi kuangalia kitu wakiwa kimya.

Theluji ilipoonekana tu, Sharon akasema, "Hawa nao wako Sumbawanga."

"Tena mtaa wetu," Jane akadakia. "Angalia hata bodaboda hakuna."

Nikaanza. Sauti yangu siku ile ilikuwa nzuri, najua. Mwanamume alipomwomba mwanamke wakae pamoja nilimfanya aombe mpaka kina mama wakaguna. Mwanamke alipomwaga chupa ya kwanza kwenye sinki nikamsemesha: "Mama yangu hakunizaa nije kuwa nesi wa mtu mzima. Leo unaniahidi, kesho unanuka. Ukinioa, utakuwa umeoa nani, mimi au chupa?"

Nikatupa jicho benchi la tatu. Kristiana alikuwa anaangalia picha, haniangalii mimi.

"We Zita," Jane akaita, "huyo dada kafungua mdomo mara moja, wewe umesema hotuba."

"Lugha yao ni fupi," nikajibu kwenye maiki. Watu wakacheka.

Tukaenda hivyo mpaka mezani. Mwanamke akatoa chupa, akamimina, akanywa funda, akasukuma glasi. Nikapunguza sauti nikasema, taratibu, kwa chuki niliyoifanyia mazoezi: "Kunywa. Ufe. Mimi nipumzike."

"Hapana," akasema Mama Benjamini.

Nikadhani anaongea na jirani yake.

"Zita, simamisha hapo. Rudisha nyuma."

"Mama Benjamini, filamu hairudishwi katikati."

"Rudisha, mwanangu. Umetudanganya."

Isakwisa alinipungia mkono kutoka mlangoni kwamba niendelee, lakini banda zima lilikuwa limeshaanza kusema rudisha, rudisha. Nikarudisha. Mwanamke akamimina tena, akanywa tena funda, akakunja uso.

"Mmeona?" Mama Benjamini alisimama, akageukia watu. "Ameonja. Mimi napika pombe tangu sijaolewa. Siwezi kumpa mgeni chungu kabla sijaonja mbele yake. Hata awe mume wangu, hata awe padre. Naonja ili ajue sijatia kitu. Sasa mtu anayemwambia mwenzake afe, ataonja?"

"Lakini mama," Sharon akasema, "hiyo ni ya chupa. Imefungwa kiwandani. Haionjwi hiyo."

"Ndiyo hapo sasa! Ya kiwandani haina haja ya kuonjwa, na bado ameonja. Kwa nini?"

Nilijikuta nimesogea kwenye televisheni kama mtoto, maiki imelala mapajani. Nilikuwa nimeliona lile funda mara tano, na mara zote tano nilidhani mwanamke anatafuta ujasiri. Mimi, binti wa Ufipa, niliyelelewa kati ya vyungu vya bibi yangu, sikuona kuonja. Nilikuwa naona nchi ya kigeni.

"Anamwambia," Mama Benjamini akasema polepole, "kwenye hii glasi mimi sijatia kitu. Utakachokuta humo ni chako."

"Au anaonja ajue anachopigana nacho," akasema mwanamume mmoja kutoka nyuma, miongoni mwa wale waliokwepa upepo.

"Au anamuaga," akasema Jane, na safari hii hakuwa na utani.

Ndipo Kristiana akafungua mdomo kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Zita. Kwani anasema nini kweli? Hayo maneno yake mwenyewe."

Ningeweza kutunga. Maneno ninayo, hata Isakwisa anajua. Lakini dada yangu alikuwa ameinama mbele, viwiko magotini, na macho yake hayakuwa ya mtu anayeangalia filamu. Nikainua maiki.

"Sijui," nikasema. Spika ikalitoa neno hilo kubwa kuliko nilivyotaka. "Lugha yao siijui. Hata neno moja."

Sharon akapiga kofi pajani.

"Kumbe ndiyo maana yule mzungu wa theluji kamwita mwenzake shemeji!"

Banda likalipuka kwa kicheko. Isakwisa akajishika kichwa. Mama Benjamini naye alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kitenge, kisha akaniambia, "Basi nyamaza, mwanangu, tuangalie wote. Hapa sote ni wanafunzi."

Nikazima maiki na kuongeza sauti ya filamu. Ilikuwa ajabu kuisikia lugha ile ikitembea yenyewe bandani, na watu wakiisemea kwa kunong'ona, kila benchi na tafsiri yake. Mwanamume alikunywa ile glasi. Asubuhi yake mwanamke akafunga sanduku akaenda stesheni. Mwanamume akapanda mnarani na mfuko wa vifaa, mikono ikitetemeka, akafungua saa. Treni ikaja. Mwanamke dirishani akaangalia saa ya mnara, akaangalia ya mkononi, zikalingana. Treni ikaondoka. Picha ya mwisho ni mwanamume ameketi chini ya magurudumu ya saa, theluji imemtua begani, hatikisiki. Saa inatembea.

"Alimtengenezea asichelewe kuondoka," Kristiana akasema, kama anajisemea.

Watu wakaanza kutoka.

Tulitembea mpaka Chanji. Nilingoja anitukane kwa sababu ya kurasa zangu kumi na moja. Hakika alizitambua, hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa anaambiwa maneno yale. Alifungua duka lake, akakaa nyuma ya cherehani, akalizungusha gurudumu lake kwa kiganja bila kitambaa chochote chini ya sindano.

"Unajua gongo ya Clemens inatoka wapi?"

"Kwa wauza gongo. Itoke wapi tena?"

"Inatoka kwangu."

Sikuelewa. Akainama, akasogeza mafurushi ya vitambaa, akatoa chupa ya maji ya plastiki, kubwa, imejaa nusu.

"Baada ya ile siku aliyolala mtaroni akitoka Ilemba, nikaona bora anywe hapa nimwone. Nachukua kwa jirani, nampimia. Glasi moja. Siku hizi mbili." Akairudisha chupa nyuma ya mafurushi. "Wewe ulikuwa unamsema Clemens pale bandani. Mimi nilikuwa naangalia mkono wa yule mwanamke. Mkono wangu huo, Zita. Ila mimi sijawahi kuonja."

Nilikuwa na diploma na daftari na maiki, na hilo sikuliona. Nilidhani dada yangu ni mtu asiyeona. Kumbe alikuwa anaona mpaka kipimo cha glasi.

Clemens aliingia kabla jua halijashuka, mikono ina grisi, kofia imegeuzwa nyuma.

"Shemeji mwandishi! Nasikia leo umewasemesha wazungu Kifipa."

"Nimewasemesha uongo," nikasema.

"Bora wewe umekiri." Akakaa kwenye benchi la wateja, mahali pake, unaona pamelainika kwa kukaliwa. Macho yake yalikwenda kwenye mafurushi, yakarudi.

Kristiana akatoa chupa na glasi. Akamimina. Mimi nikataka kutoka, lakini alinikazia macho nibaki. Kisha akainua glasi mdomoni mwake akanywa funda moja.

Alikohoa mpaka akashika meza. Machozi yakamtoka, uso ukamkunjamana kama kitambaa kilichovutwa uzi. Alipopata pumzi akampa Clemens glasi.

Clemens hakuipokea. Alikuwa amesimama, sijui alisimama saa ngapi.

"Leo umeonja," akasema.

"Nimeonja."

"Kwa nini?"

"Niulize kwa nini siku zote sikuonja. Hukuwahi kuniuliza, Clemens."

Akacheka kidogo, kicheko cha kujitetea, halafu nikaona kicheko kinamfia usoni. Mama yake Clemens alikuwa mpika pombe. Baba yake, Clemens mwenyewe alitusimulia kwa fahari, aliwahi kuondoka kwenye kilabu akiwa na kiu, njia nzima ya vumbi, kwa sababu mwenye chungu alikataa kuonja kwanza. Na yeye, mtoto wa watu hao, alikuwa ameketi kwenye benchi lile miezi mingapi, akipokea glasi ambayo hakuna mdomo ulioionja kwanza.

"Mama angenichapa," akasema kwa sauti ndogo.

"Iko hapa," Kristiana akasema. "Sijatia kitu. Mimi nimeonja."

Akaishika. Aliiangalia muda mrefu, nami nilitamani rimoti yangu, nisimamishe pale pale, nisijue kinachofuata. Kisha akainywa, yote, mara moja. Dada yangu alikunja uso kwa funda moja. Yeye hakukunja hata nyusi.

"Asante," akasema, na akairudisha glasi mezani kwa adabu.

Kristiana akajifunga kitenge vizuri.

"Zita, utafunga duka. Nakwenda kwa katekista."

"Kufanya nini?" Clemens akauliza, ingawa nadhani alishajua.

"Tangazo la tatu lisisomwe kesho."

"Umenikataa, Kristi?"

"Sijasema hivyo. Nimejua kitu kimoja tu leo, kwamba nilikuwa nakupa kitu ambacho mimi mwenyewe siwezi kumeza. Sitakupa tena. Na kanisani sitasimama kabla sijajua wewe ni nani bila hicho." Akachukua ile chupa ya plastiki, akaenda mlangoni, akaimwaga barabarani, vumbi likainywa. "Ukitaka kulala mtaroni, utalala. Nitalia, lakini sitakupimia."

Akaondoka. Clemens akabaki anaangalia pale penye unyevu. Mimi kwa mara ya kwanza sikumtilia maneno mdomoni.

Jumapili padre alisoma majina ya wachumba wawili kutoka kigango kingine, akakunja karatasi. Jina la dada yangu halikusomwa. Nilifikiri nitafurahi. Nilimwona amekishika kitabu cha nyimbo kimegeuka juu chini, nikajua kwamba nilichokitaka kimekuja na sura ambayo sikuiandika.

Jumamosi iliyofuata Isakwisa alitaka tuoneshe filamu nyingine, ya Kiingereza, isiyo na balaa. Wateja wakakataa. Walitaka ile ile, bila mtafsiri, na Mama Benjamini alikuwa amekuja na wapika pombe wenzake wawili ili waseme kama amekosea. Kristiana alikaa benchi lake la tatu. Nikawasha. Theluji ikaanza kuanguka, saa ya mnara ikaonekana, na Jane akaanza kuwaeleza wageni nani ni nani.

Mlango ukafunguliwa, upepo ukaingia, na nyuma yake akaingia Clemens. Alikuwa amenyoa. Mikono ilikuwa inamtetemeka, akaificha kwapani. Hakumkaribia Kristiana, alikaa kwenye tofali mwisho wa banda.

Watu wakageuka, wakamwangalia, wakarudi kwenye picha kwa heshima. Yeye aliangalia ile saa ya mnarani, magurudumu yake, mikono ya mtunza saa.

"Shemeji," akaniita kwa sauti ya chini, "hiyo saa imeharibika wapi?"

"Haijaharibika. Inachelewa tu."

"Atakuja kuitengeneza?"

Nilifungua mdomo. Kristiana akanitangulia, bila kugeuka.

"Kaa uangalie mwenyewe," akasema.

Akakaa. Tulipofika mezani, mwanamke akatoa chupa, akamimina, na banda zima likainama mbele kusubiri funda. Mimi sikuiangalia televisheni. Nilikuwa namwangalia Clemens, nijue atasoma nini.